Wanyonya Damu wa Ulimwengu Mwingine: Mwongozo Kamili wa Kuandika Mfululizo wa Riwaya za Kutisha Ukiwa Dodoma

Bibi yangu, upande wa Chamwino, alikuwa na kijiti maalumu cha kuchokonolea nyufa za ukuta wa tembe. Alikaa chini, akachomeka kijiti kwenye ufa, akatoa vidude bapa vya kijivu vilivyokunjamana kama ngozi ya kiatu cha zamani, kisha akaviponda kwa kisigino. Vingine vilivunjika vikavu. Vingine vilipasuka na kuacha doa, na doa lile lilikuwa damu yetu ya usiku uliopita.

Hao ni papasi. Ukitaka kuandika mfululizo wa riwaya za wanyonya damu ukiwa Dodoma, anzia kwenye ufa ule.

Hatua ya kwanza: mjue mnyonya damu uliyelala naye

Waandishi wengi chipukizi wananiletea miswada yenye kasri la mawe, joho jeusi, na bwana mwembamba anayezungumza kama mkalimani wa mahakamani. Nauliza: hili kasri liko wapi? Hombolo? Wanacheka, halafu wanaliacha palepale.

Papasi anakupa vyote unavyovihitaji, tena bure. Mchana hujificha kwenye nyufa za ukuta na sakafu ya udongo. Usiku hutoka, humpanda aliyelala, hunyonya kwa dakika ishirini au thelathini bila kumwamsha, hurudi ufani. Asubuhi unaona kidonda kidogo, unasema ni mbu. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula chochote, amekauka ukutani, akingoja joto la mwili. Na akikuachia homa ya papasi, homa yenyewe ina tabia ya hadithi nzuri: hupanda siku chache, hushuka, mgonjwa anaamka akiomba uji na nyumba nzima inashukuru Mungu. Kisha inarudi.

Andika sifa hizo kwenye karatasi, halafu zikuze. Kiumbe kinachoweza kungoja ukutani miaka mia. Kinachonyonya bila kuamsha. Kinachoacha ugonjwa unaoondoka na kurudi. Una mnyonya damu ambaye msomaji wa Bahi, Mpwapwa au Manyoni atamwamini kabla hujamweleza, kwa sababu alishawahi kuamka na doa kwenye shuka.

Kuhusu popo, nitasema haraka. Popo wanaokunywa damu wanapatikana Mexico, Amerika ya Kati na ya Kusini tu. Wa kwetu wanakula matunda na wadudu, na maua ya mbuyu, ambayo huchanua usiku, yanawategemea popo kwa uchavushaji. Ukimgeuza popo wa Dodoma kuwa shetani, unamtukana mfadhili wa ubuyu wako.

Hatua ya pili: kwa nini watoke ulimwengu mwingine

Hatua hii usiiruke. Ukiiruka, afadhali uandike hadithi za mapenzi.

Sisi tuna wanyonya damu wetu wa zamani. Mumiani mwanzo lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami, na watu wakaanza kunong'onezana kwamba inatengenezwa kwa damu ya binadamu. Enzi za ukoloni uvumi ukawaangukia wazimamoto, huku Tanganyika na vilevile Kenya na Uganda: gari jekundu limeonekana, mtu amepotea. Uvumi haukufa. Mwaka 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliokwenda kuchukua sampuli za udongo waliuawa na umati uliowadhania wanyonya damu. Si hadithi, na si zamani. Baadhi ya watakaosoma kitabu chako waliijua sauti ya yowe la siku ile.

Kwa hiyo kazi ya mwandishi wa kutisha wa hapa ina sharti ambalo mwenzake wa Uingereza halijui. Msomaji asifunge kitabu akamtazama jirani kwa jicho lingine. Ndiyo maana wangu wanatoka ulimwengu mwingine kabisa. Si wachawi, si wageni wa mjini, si mizimu ya mtu fulani. Hawana ukoo hapa, hawana kabila, hawana mjomba Kibaigwa.

Kutokana na sharti hilo nina marufuku tatu, nimeziandika ndani ya jalada la kaunta buku yangu.

Ya kwanza: mnyonya damu asiwe na macho mekundu. Kuna ajuza wameuawa nchi hii, hasa Kanda ya Ziwa, kwa kosa la macho mekundu, na wekundu wenyewe ulikuwa wa moshi wa miaka hamsini jikoni. Ya pili: asiwe na ngozi nyeupe isiyo ya kawaida. Hilo ni pambo la kila siku kwenye hadithi za Ulaya. Hapa kwetu watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo, na wewe hutaki sentensi yako iwe shoka la mtu. Ya tatu: asije na gari, koleo na chupa za sampuli. Unajua kwa nini.

Basi utamtambulishaje? Mpe alama ambayo hakuna binadamu anayeweza kuwa nayo. Wangu, kivuli chake huchelewa. Kwenye mwanga wa kibatari akipita, kivuli kinamfuata nyuma kidogo, kama mtoto anayeburutwa mkono sokoni. Hakuna mtu wa kupigwa mawe kwa sababu ya kivuli kinachochelewa.

Hatua ya tatu: jenga huko walikotoka

Hapa waandishi wa kutisha wanakuwa wavivu. Wanasema "ulimwengu wa giza" halafu basi. Msomaji wa mfululizo atakuuliza kwenye kitabu cha pili: giza lipi, la saa ngapi?

Mimi nilichukua sayari ya kweli. Mwaka 2016 wanaastronomia walitangaza kuwa nyota iliyo jirani zaidi na jua letu, Proxima Centauri, ina sayari inayoizunguka. Nuru ya huko inatumia miaka 4.2 kutufikia, wakati ya jua letu inatumia dakika 8 hivi. Nyota yenyewe ni kibete chekundu, ndogo na hafifu kuliko jua, na sayari iko karibu nayo kiasi kwamba inamaliza mzunguko kwa siku 11 tu. Sayari iliyo karibu hivyo inatarajiwa kuielekezea nyota yake uso mmoja daima, kama mwezi unavyotuelekezea sisi. Maana yake upande mmoja ni mchana usiokwisha, na wa pili ni usiku usiokwisha.

Yaliyobaki ni ya kwangu, na wewe utatunga ya kwako. Lakini tazama jinsi ukweli unavyokubebea mzigo. Waweke upande wa usiku, na sababu ya kuliogopa jua la Dodoma imepatikana bila msalaba wala kitunguu saumu: hawajawahi kuzaliwa kwenye mwanga. Na ule uzee wao maarufu? Mwaka wao ni siku 11. Kiumbe chenye umri wa miaka 40 ya kwetu kinaweza kukuambia kina miaka 1,300, na hakidanganyi. Katika kitabu changu cha kwanza watu wanamwogopa kwa sababu anasema ana karne kumi na tatu. Kitabu cha tatu, mwalimu wa hesabu anakaa chini ya mwembe, anagawanya, anacheka kwa mara ya kwanza tangu mkewe afe.

Walifikaje? Usilete chombo chenye taa. Tuna kimondo cha Mbozi, chuma cha tani kama 16 kilicholala kule Songwe, na kila mtoto wa shule amekisikia. Kwa hiyo jiwe linaloanguka kutoka juu halihitaji maelezo marefu. Wangu walikuja wakiwa wamekauka, kama papasi ukutani, ndani ya udongo ambao mtu aliuchimba baadaye akajengea tembe. Wakangoja. Jiji likapanuka, viwanja vikapimwa, tembe likabomolewa, vumbi likapaa.

Jambo moja la kiufundi. Riwaya za baridi kali zinategemea usiku mrefu; London katikati ya Desemba usiku unakaribia saa 16. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki hata saa moja, na jua huzama kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 kamili mwaka mzima. Mnyonya damu wako ana saa 12 za kazi, hana za ziada. Huo si upungufu, ni saa ya ukutani inayogonga kila sura. Na mwanzoni mwa Machi, kisha tena wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Vivuli vinaingia chini ya miguu. Kwa viumbe ambao kivuli chao huchelewa, hebu fikiri hiyo ni siku gani.

Hatua ya nne: piga hesabu ya damu

Hofu isiyo na hesabu huchoka upesi. Mtu mzima ana lita 5 za damu kwa makadirio. Chupa moja anayotoa mchangiaji ni kama mililita 450. Mwanaume anaruhusiwa kuchangia tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne, ili mwili urudishe. Akipoteza ghafla kama lita 2, maisha yako hatarini.

Sasa chukua kiumbe kimoja kinachohitaji chupa moja kila usiku. Kikitaka kutoua, kisiamshe yowe, kinahitaji watu 90 hadi 120 kwa zamu. Hicho ni kitongoji. Viumbe kumi vinahitaji watu 900 hadi 1,200. Hicho ni kijiji. Mnyonya damu mwenye akili hataki kuua kabisa, anataka kufuga. Hapo ndipo mfululizo wangu ulipopata uti wa mgongo, nikiwa na kikokotoo cha simu ndani ya daladala ya Nzuguni.

Na hapo akajulikana pia mtu wa kwanza kugundua: si mganga, si mchungaji, si polisi. Ni muuguzi wa zahanati mwenye daftari la kliniki. Anafunua ukope wa chini wa mama mjamzito, ndani ni nyeupe pe. Anaandika "upungufu wa damu", anatoa vidonge vya madini ya chuma. Anafunua wa pili, nyeupe. Anafunua wa dereva wa bodaboda aliyekuja na kidonda cha mguu, kijana wa miaka 22 anayekula nyama kila mnada. Nyeupe. Anaweka kalamu chini. Kisha anakwenda kwenye kioo kidogo kilichotundikwa juu ya sinki na kufunua ukope wake mwenyewe.

Nimeandika sura ile mara sita. Mara tano niliongeza kelele mlangoni, na mara tano iliharibika.

Hatua ya tano: hodi

Kuna sheria ya kale kwenye hadithi za Ulaya kwamba mnyonya damu haingii ndani mpaka akaribishwe. Huko ni kinga nzuri, kwa sababu mtu huchungulia kwanza. Huku kwetu? Sisi huitika "karibu" kabla hatujajua ni nani. Ni mdomo tu unaosema, akili iko kwenye mboga. Sheria iliyowalinda wao itatumaliza sisi.

Nionyeshe kwa mfano.

"Hodi."

"Karibu," mtoto akaitika, macho kwenye daftari la hesabu.

"Nimeshakaribia."

Mlango haukufunguka. Bibi akaita kutoka chumbani, "Unaongea na nani, mjukuu wangu?"

Sijasema kucha. Sijasema damu. Kila msomaji anajua kwamba neno limeshatoka na halirudishiki, na kila msomaji, usiku huohuo, akigongewa mlango, atasita nusu sekunde. Nusu sekunde hiyo ndiyo mshahara wako.

Tumia adabu zetu zote kama zana. Hodi hubishwa mara tatu, na usipoitikiwa unaondoka. Kiumbe wangu ana adabu kuliko wakusanya madeni, hubisha tatu akaenda zake, na wenye nyumba wanahesabu wakiwa wamefumba macho. Salamu ya Kigogo, mbukwa, inataka jibu. Kutoijibu ni dharau. Mzee anayeifahamu sauti ya kila mtu kijijini anakaa gizani akisikia "mbukwa" yenye lafudhi iliyonyooka mno, lafudhi ya mtu aliyejifunza kwa kusikiliza kupitia ukuta.

Kisha fikiria mbali zaidi, maana huu ni mfululizo. Kijiji kikijifunza kutoitika, kinapoteza nini? Katika kitabu changu cha nne mtoto mwenye kiu, mtoto wa kweli, anabisha hodi nyumba kwa nyumba saa 3 usiku, na hakuna anayemjibu. Sura hiyo haina mnyonya damu hata mmoja, na ndiyo ambayo wasomaji walinitumia ujumbe wa matusi na vilio.

Hatua ya sita: mahali

Nitapita upesi, kwa sababu wewe unayajua kuliko mimi. Shauri langu ni kuachana na msitu. Hatuna msitu wa kutisha; tuna uwazi, na uwazi unatisha zaidi kwa sababu unamwona anayekuja kwa muda mrefu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Panga vitabu kwa msimu. Kiangazi cha Julai hadi Septemba kina upepo, vumbi, usiku wa baridi, na chamchela linalotembea uwanjani mchana kweupe.

Mapagale ni dhahabu. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi, pembezoni kote, Iyumbu, Nala, Mtumba, kuna nyumba zilizosimama kwenye linta zikingoja fedha. Madirisha bila fremu, vyumba bila paa, mlinzi mmoja na redio. Huna haja ya kasri.

Visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, vinalipatia jiji maji kutoka chini ya ardhi. Kitu kilicholala huko chini kinaingia kila bomba. Sijaitumia bado, ichukue ukitaka.

Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imefupisha safari ya Dar es Salaam hadi saa chache. Kiumbe chenye saa 12 za giza sasa kinaweza kwenda, kula na kurudi. Kitabu cha tano kimejiandika chenyewe.

Michoro ya Kondoa, hasa Kolo, inavutia mno: watu warefu wembamba, vichwa vya ajabu, rangi nyekundu ya udongo. Iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na bado kuna wenyeji wanaofanya matambiko pale. Kila mwandishi anataka kusema wachoraji walikuwa wanawachora wageni wa anga. Usiseme. Ni kuwanyang'anya watu wa kale akili zao ili umpe sifa jini lako. Mruhusu mhusika mjinga aseme, kisha mwongoza watalii amtazame tu.

Historia nayo ina mtego wa namna hiyo. Njaa ya Mtunya, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata, iliwaua Wagogo wengi, na ililetwa na ukame pamoja na majeshi yaliyochukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Ukisema ilikuwa kazi ya wanyonya damu wa sayari nyingine, umewasamehe wenye kosa. Wanyonya damu wangu walikuwepo wakati wa Mtunya, ndiyo, lakini wamekauka ukutani, wakiwasikia watu wakifa kwa mkono wa watu. Kongwa ni tofauti kidogo: mashamba ya karanga ya Waingereza yaliyoanza 1947 na kutelekezwa 1951, yenye baadhi ya matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita, ni mahali ambapo unaweza kufukua kitu bila kumdhulumu mtu yeyote isipokuwa wahasibu wa London.

Hatua ya saba: ngeli ndiyo meno yako

Sasa tufike kwenye lugha, ambako ndiko ninakotaka ukae.

Kiswahili kina silaha ya kutisha ambayo lugha nyingi hazina, nayo ni upatanisho. Amua mapema: kiumbe chako ni *kinakuja* au *anakuja*? Soma hii:

"Kitu kilisimama nje ya dirisha. Kilinusa. Kilizunguka hadi mlango wa jikoni, kikatulia. Kisha akabisha hodi."

Hakuna neno la kutisha mle. Kuna herufi tu iliyobadilika. Kilikuwa *ki*, kikawa *a*, na nywele zimesimama kwa sababu msomaji ametambua, bila kuambiwa, kwamba kile kitu ni mtu wa namna fulani, kina nia na kina adabu. Hila hii itumie mara moja katika kitabu. Ukiitumia mara tatu inakuwa makosa ya kisarufi.

Kinyume chake, kumtoa binadamu kwenye *a* na kumtia kwenye *ki*, ni hatari. Aliyeng'atwa kwenye vitabu vyangu anabaki *yeye* hadi mwisho, hata akiwa anamtafuta mama yake usiku. Wahusika wengine wanaweza kuanza kumwita *kile*. Msimulizi wangu hafanyi hivyo.

Zana nyingine ni nyakati. *-ka-* hukimbiza, *-ki-* huchelewesha. "Akaja, akachungulia, akacheka" ni mbio. "Alikuwa akija, akichungulia, akicheka" ni mtu asiyeisha. Sehemu ya kumfukuza mtu tumia ya kwanza. Sehemu ya dirishani tumia ya pili.

Na vile vikolezo vitamu, totoro, pe, tititi, jii, vina nguvu kama pilipili kichaa. Kimoja kwa kurasa mbili kinatosha. Yule aliyeandika "giza totoro tititi nene la kutisha" alikuwa mimi, mwaka wa kwanza.

Hatua ya nane: kuushika mfululizo usikimbie

Nunua kaunta buku ya kwaya tatu. Simu huibwa, kaunta buku hakuna anayeitaka. Upande wa kushoto andika kila mhusika: umri, kazi, anaishi wapi, ameng'atwa lini, anajua nini. Upande wa kulia andika sheria za viumbe wako na ukurasa ulipoitaja kila sheria. Nilipofika kitabu cha tatu nilimfanya kiumbe apite kwenye maji ya mto Bubu, nikasahau kwamba kitabu cha kwanza nilisema hagusi maji yanayotembea. Msomaji mmoja wa Singida alinitumia picha za kurasa zote mbili, bila neno lolote. Hakuna tusi kubwa kuliko lile.

Kuhusu idadi, vitano vinatosha. Kila kitabu kiwe na swali lake linalojibiwa humohumo, na swali moja kubwa linalosogea. Kwangu ni hivi: cha kwanza, damu inakwenda wapi? Cha pili, wanatoka wapi? Cha tatu, wanahofu nini? Cha nne, sisi tumekuwa nani kwa kuwaogopa? Cha tano wanaondoka au wanabaki, na hapo sikwambii.

Usimalize kitabu kwa mtu kufungua mlango na kupiga kelele. Hiyo inafaa sura. Kitabu kimalizie kwa jambo lililotulia ambalo limebadilika. Changu cha kwanza kinaisha muuguzi akiitikia "nani?" badala ya "karibu", na aliyebisha ni mama yake.

Hatua ya tisa: kuitoa

Wengi wetu tunauza sura kwa sura kwenye WhatsApp: za mwanzo bure, mwendelezo unalipiwa kwa simu. Ni njia nzuri ya kupima, kwa sababu msomaji asiyelipa sura ya kumi na moja amekupa tathmini. Lakini zitakopwa na kusambazwa, hilo lijue. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, kwa sheria ya mwaka 1999; bado, sajili kazi COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ili siku ya ugomvi uwe na karatasi mkononi. Ukitaka kitabu cha karatasi, namba ya kukitambulisha, ISBN, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na usichapishe jalada kabla hujaipata.

Kwa mchapaji, dai nakala moja iliyokwisha kushonwa kabla ya kulipa salio. Mimi nililipa yote. Katika nakala mia tatu, kurasa 97 hadi 112 ziliingia mara mbili, na 113 hadi 128 hazikuwemo kabisa. Wasomaji walidhani ni makusudi, kwamba muda umejirudia kwa uchawi wa ile sayari. Mmoja alinisifu. Nilimshukuru.

Kabla ya yote hayo kuna jaribio langu la mwisho. Jirani na kwangu kuna pagale, na mlinzi wake ni mzee wa Kongwa asiyependa riwaya. Sura mpya ikikamilika namsomea kwa sauti, saa 2 usiku, tukiwa na chai. Akisema "Safi sana, mwalimu," narudi nyumbani naifuta. Akinyamaza, akatazama madirisha yale yasiyo na fremu, kisha akaniuliza kama naweza kukaa kidogo mpaka mwenzake wa zamu afike, naituma asubuhi.

Wiki iliyopita tulikaa hadi saa 6.